UZI: Kisoma alama za vidole kiko getini, Raspberry Pi iko ofisini, waya haupiti. Tunaunganishaje?

randa_na_msasa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Kihonda, Morogoro, nasimamia karakana ya useremala na kuchomelea. Vijana ni ishirini na kitu, baadhi vibarua wa siku. Bosi amechoshwa na daftari la mahudhurio kwa sababu watu wanasainiana, sasa anataka alama za vidole. Kisomaji kinatakiwa kikae getini na kompyuta ikae ofisini. Kati yao ni kama mita 30, pana ukuta wa tofali na mabanda ya bati. Ua wote umemwagwa zege na mwenye kiwanja hataki kusikia habari za kupasua.

Vifaa nilivyonavyo ni moduli ya R307 (ndiyo kisoma vidole), Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo) na ESP32 moja (bodi ndogo yenye Wi-Fi). Mezani, R307 ikiwa kwenye Pi kwa waya, inasoma vizuri tu kwa maktaba ya pyfingerprint. Swali langu: nauondoaje huo waya? Kuna wanaotumia HC-05 (moduli ya Bluetooth), kuna wanaosema Wi-Fi. Na mbeleni bosi anataka mlango mdogo wa geti ujifungue kidole kikikubalika.

Naomba kuwasilisha.

kigoda_cha_nyuma

Nimeshakaa. Waje wataalamu.

mzee_wa_rilei

Kijana, kabla hujaingia hewani hebu nikuulize, juu hapapiti? Ukifunga moduli ya MAX485 (inayorusha data kwa mtindo wa RS485, wa waya mrefu) kila upande na waya wa jozi iliyosokotwa, mita 30 si kitu. RS485 inakwenda mamia ya mita kwa kasi hiyo. Usije tu ukavuta waya wa TTL (wa data wa kawaida wa bodi) wenyewe kutoka kwenye kihisi mita 30, hapo utasoma takataka. Waya hauna nywila ya kusahaulika na hauibiwi na jirani mwenye kompyuta mpakato.

randa_na_msasa

Shikamoo mzee. Malori ya magogo yanapita hapo katikati, waya wa taa tuliopitisha juu ulishang'olewa. Ndiyo maana nimekuja kwenye habari ya bila waya.

mzee_wa_rilei

Marahaba. Basi sawa, nawaachia vijana.

baudi_57600

Mkuu @randa_na_msasa, ukiuliza "nauondoaje waya" lazima utaishia kutafuta kitu cha kukaa pale waya ulipokuwa, na hapo ndipo watu wanapoangukia kwenye HC-05. Anza na swali jingine: ni kitu gani hasa kinachohitajika kufika ofisini?

R307 ina prosesa yake ndani. Inapiga picha ya kidole, inachambua mistari, inatengeneza kiolezo (muhtasari wa mistari hiyo), inakihifadhi (ina nafasi 1000) na inatafuta yenyewe kidole ni cha nani. Wewe unaiagiza tu kwa siriali (data inayopita biti moja baada ya nyingine), baudi 57600, yaani biti 57600 kwa sekunde. Amri ya kupiga picha ni hii:

EF 01 FF FF FF FF 01 00 03 01 00 05

EF 01 ni kichwa cha pakiti. FF nne ni anwani ya kiwandani. 01 inayofuata inasema kwamba hii ni amri, 00 03 ni urefu, 01 ni amri yenyewe. Mwisho 00 05 ni jumla ya kuhakiki: 01+00+03+01. Kidole kikiwepo inajibu 00, kisipokuwepo inajibu 02. Lugha yake yote iko hivyo, na ishike vizuri maana tutairudia tukifika kwenye usalama.

Sasa piga hesabu. Picha ina nukta 256 kwa 288, na wakati wa kutumwa kila nukta inachukua nusu baiti. Hizo ni baiti 36,864. Kwenye baudi 57600 zinapita baiti 5,760 kwa sekunde, kwa kuwa kila baiti hubeba biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia. Kwa hiyo picha moja ni sekunde 6.4, na ukiongeza vichwa vya pakiti inakaribia 7. Hiyo ni waya mtupu, bado hujaongeza ucheleweshaji wa hewani. Saa moja kasoro asubuhi vijana wamepanga foleni getini, watakuelewa?

Kiolezo ni baiti 512, kinapita kwa kama sehemu ya kumi ya sekunde. Na jibu la kutafuta, lile linalosema "huyu ni namba 17 na amefanana kwa kiwango hiki", pakiti yake nzima ni baiti 16.

Kwa hiyo usirushe kidole, rusha jibu. ESP32 ikae getini nyuma ya R307, zishikane kwa waya wa sentimita chache, iendeshe mazungumzo yote na kihisi palepale. Kinachopanda hewani ni namba ya mtu, kiwango cha kufanana na jina la geti. Majina ya watu yabaki kwenye Pi. Hata mtu akinasa mawimbi yako hapati alama ya kidole cha mtu yeyote, maana haikupita.

Kufunga: R307 inataka volti 4.2 hadi 6, ipe 5V. TX yake (pini ya kutuma) inatoa 3.3V, haiiumizi ESP32. TX ya kihisi iende GPIO16, RX (ya kupokea) iende GPIO17. Kama bodi yako ni ya WROVER pini hizo mbili zimeshachukuliwa na PSRAM (kumbukumbu ya ziada), chagua nyingine kwenye programu, ESP32 haina ubaguzi sana wa pini za siriali. Rangi za waya usiziamini hata kidogo, soma maandishi yaliyo nyuma ya moduli.

Umeme ndio unaowaliza wengi. ESP32 inaporusha Wi-Fi inaweza kuvuta hadi karibu 240 mA kwa kishindo, na kihisi nacho kinadai chake. Chaja dhaifu ya simu haifiki. Tafuta ya ampea 1 au zaidi ya kuaminika, na weka kapasita ya kama 470 µF kwenye 5V karibu na bodi. Ukiona bodi inajiwasha upya kila ikitaka kutuma, acha kuchokonoa programu, kashike multimita.

luthuli_ghorofani

Jameni, mbona mnaifanya iwe ngumu? Mimi niko Nairobi, nimefungia mteja HC-05 kwa kihisi na Pi 3 inaisoma kwa Bluetooth yake yenyewe kama `/dev/rfcomm0`. Ile programu ya Python sikuibadilisha, nilibadilisha tu jina la mlango wa siriali. Inafanya kazi hadi leo.

baudi_57600

Ndugu yangu wa Nairobi, sibishi. Kwa chumba kimoja ni njia fupi kuliko zote, na umefanya vizuri kutumia Bluetooth ya Pi badala ya kununua HC-05 ya pili. Anayetaka kukufuata akumbuke HC-05 inatoka kiwandani ikiwa na kasi ya data ya 9600, na R307 inasema 57600, kwa hiyo zitatazamana tu bila kuelewana. Unaiingiza kwenye hali ya AT, ya kupokea amri za usanidi (huko inaongea kwa 38400), unaiandikia `AT+UART=57600,0,0`, basi.

Lakini HC-05 ni ya mita 10 au zaidi kidogo pasipo kizuizi. Mwenzetu ana mita 30, tofali na bati. Halafu Pi inabaki kuuliza "kidole kipo? kidole kipo?" hewani siku nzima, kila swali linakwenda na kurudi, na maktaba iliyoandikwa kwa ajili ya waya inakata tamaa haraka jibu likichelewa.

luthuli_ghorofani

Sawa, hiyo ya umbali nakubali. Mteja wangu ni mlango na meza tu.

mkunazi_wa_chake

Assalaam alaykum. Nimesoma kimya, sasa niseme. Mnaongea mita na baudi, bosi wa huyu bwana anataka MLANGO ufunguke. Rudini kwenye ile pakiti. Nywila ya kiwandani ya hivyo vihisi ni sufuri tupu, anwani ni FF tupu, na jumla ya kuhakiki hata mtoto wa darasa la tatu anaijumlisha. Ile jumla inakamata kelele za waya, haikamati mwizi. Kwenye njia ya HC-05, nani anamhakikishia Pi kwamba anayesema "00, ni namba 17" ni kihisi? PIN ya HC-05 wengi wameiacha 1234.

Na njia ya Wi-Fi nayo msiichekee. Ukituma ujumbe "17 amekubaliwa" bila kinga, mimi nikishapata nywila ya Wi-Fi yenu (na kwenye karakana anaijua kila mtu) nauhifadhi ule ujumbe, usiku narudi nautuma tena. Sina haja na kidole cha mtu.

randa_na_msasa

Wa alaykum salaam sheikh. Nywila ya Wi-Fi imeandikwa ukutani kwa chaki, sitanii.

baudi_57600

Sheikh @mkunazi_wa_chake umesema kweli, nami ndipo nilipokuwa naelekea. Dawa yake haina gharama:

ESP32 na Pi zina siri moja ya pamoja, baiti 32 za bahati nasibu, uliyoiweka mwenyewe kwa kebo ya USB siku ya kufunga. Kidole kikigusa, ESP32 inaiomba Pi namba ya nasibu. Pi inatoa namba mpya, inaikumbuka kwa sekunde 10, ikishatumika au muda ukipita inaitupa. ESP32 inafanya utafutaji wake na R307, halafu inachukua namba ya mtu, kiwango cha kufanana, jina la geti na ile namba ya nasibu, inavipitisha vyote kwenye HMAC-SHA256 (hesabu inayotoa muhuri ambao asiye na siri hawezi kuutengeneza) kwa kutumia siri. Inatuma ujumbe pamoja na muhuri huo. Pi inapiga hesabu ileile upande wake, muhuri ukilingana inakubali. Atakayeurudisha ujumbe wa jana atakuta namba yake ya nasibu imeshakufa.

ESP32 ina maktaba ya usimbaji ya mbedTLS, HMAC imo. Kwenye Python iko moduli ya `hmac`, na kulinganisha tumia `compare_digest`, usitumie alama mbili za sawasawa.

Faida nyingine ni kwamba huhitaji saa sahihi getini. Ila kama unataka mahudhurio yaendelee kurekodiwa hata ruta ikizima, hapo saa itahitajika: ongeza moduli ya saa ya DS3231 yenye betri yake, weka foleni kwenye kumbukumbu ya ESP32, itume mtandao ukirudi. Foleni hiyo iwe ya mahudhurio PEKEE. Mlango usifunguliwe kwa ujumbe wa jana.

mkunazi_wa_chake

Hapo sawa. Nyongeza yangu ni moja na msiipuuze: rilei ya kufuli (swichi ya umeme inayoliendesha) isikae kwenye boksi la nje. Nimekuta watu wameweka kihisi, ESP32 na rilei kwenye boksi moja nje ya geti. Mtu anafungua skrubu nne, anaunganisha waya mbili za rilei, ameingia. Usimbaji wote mliofanya umebaki mapambo. Kufuli liendeshwe kutoka ndani.

Na hata hivyo, mwenye subira anaweza kuchomoa kihisi na kuweka kidude chake kinachoiambia ESP32 "00". Kwa hiyo kwa mahudhurio, ruksa. Kwa mlango wa karakana mchana, ruksa. Usiku piga komeo na kufuli la chuma kama kawaida.

mzee_wa_rilei

Hapo nami nina neno. Kufuli la sumaku likikosa umeme linaachia. La solenoidi, mengi yanabaki yamefunga. Karakana yenye vumbi la mbao na cheche za kuchomelea, moto si jambo la kufikirika. Watu waweze kutoka bila kidole, bila Wi-Fi, bila Pi. Weka kitufe cha kutokea ndani kinachokata umeme wa sumaku moja kwa moja, usikipitishe kwenye programu ya mtu.

shangazi_wa_mafaili

Wanangu, mmefika mbali lakini hamjagusa karatasi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na alama za kibayometria ziko kwenye kundi la taarifa nyeti. Kenya wana yao ya 2019. Bosi hawezi kusimama asubuhi akasema "leta kidole". Waandikiwe kwa Kiswahili kinachoeleweka: zinachukuliwa kwa kazi gani, zinakaa wapi, nani anaziona, zinafutwa lini. Kibarua akiondoka, afutwe. Na wawe na ridhaa ya kweli, yaani asiyetaka awe na njia nyingine ya kujiandikisha.

randa_na_msasa

Asante shangazi, hilo sikulisikia popote. Je, ule mfumo wa @baudi_57600 unasaidia kwenye hilo?

baudi_57600

Unasaidia kwa sehemu: violezo vinabaki ndani ya R307, Pi ina jedwali la namba na majina tu. Kufuta mtu ni amri moja, 0C pamoja na namba ya nafasi yake. Ukitaka nakala ya akiba ili kihisi kikifa usisajili watu upya, unaweza kuvitoa violezo kwa amri ya 08, lakini hapo umeshakuwa mtunza taarifa nyeti kwenye kadi ya kumbukumbu. Visimbe kabla ya kuvihifadhi. Kwa watu ishirini ningeacha, kuwasajili upya ni kazi ya asubuhi moja.

randa_na_msasa

Mrejesho wakuu. Nimefunga Mosquitto (programu ya kupokea na kusambaza ujumbe kati ya vifaa) kwenye Pi. Nikijaribu kutoka kwenye Pi yenyewe ujumbe unapita, lakini ESP32 inakataliwa kila ikijaribu kuunganisha. Wi-Fi imeshika, IP ni sahihi, mlango wa mtandao (port) ni 1883. Nimesimama hapo.

baudi_57600

Tangu toleo la 2.0, Mosquitto isipopewa maelekezo husikiliza kutoka kwenye mashine yenyewe tu. Kwenye faili lake la usanidi andika `listener 1883`, chini yake `allow_anonymous false`, na utengeneze faili la nywila kwa `mosquitto_passwd`. Mtandaoni utaona wengi wanaandika `true` ili mambo yaende. Kwenye Wi-Fi ya nywila ya chaki, hapana. Na kama una ruta ya masafa mawili, ESP32 hiyo inaona 2.4 GHz tu.

randa_na_msasa

Imeshika! Ila getini nguvu ya mawimbi inasoma -83 (ikikaribia sufuri ndiyo nzuri) na yanakatika.

luthuli_ghorofani

Hilo boksi lako ni la chuma?

randa_na_msasa

La chuma ndiyo, tumelichomelea wenyewe.

luthuli_ghorofani

Basi umeifungia antena ndani ya sufuria. Chukua lile boksi la plastiki la mafundi umeme, na ESP32 igeuze upande wa antena utazame ofisini.

baudi_57600

Ikigoma hata hapo, tumia ESP-NOW: ESP32 ya pili iwe ofisini kwenye USB ya Pi, hizo mbili ziongee zenyewe bila ruta. Ujumbe mmoja unabeba hadi baiti 250, wetu hata na muhuri wa baiti 32 haufiki 100. Hapo ruta ikizima geti halijui.

randa_na_msasa

Boksi la plastiki limetosha, sasa inasoma -68 na haikatiki. Tumesajili watu. Vijana wa randa na wa ofisini hawana shida. Wanaopiga msasa na wachomeleaji ndio kazi, kidole kinakataliwa mara nyingi, jioni ndiyo zaidi. Jua la asubuhi nalo linapiga kioo moja kwa moja na hapo hata wazima wanakataliwa.

shangazi_wa_mafaili

Ni walewale waliosumbuka kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Kazi imefuta mistari.

baudi_57600

R307 inaona kwa mwanga, jua kali linaipofusha. Wekea kivuli, kipaa cha bati kinatosha. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini kikavu, vumbi la mbao likichanganyika na jasho linaganda pale.

Kwa mikono iliyochubuka, sajili vidole viwili kwa kila mtu, kimoja kiwe cha mkono asioufanyia kazi sana. Cha pete mara nyingi kina mistari mizima kuliko cha shahada au gumba. Wasajili jioni wakiwa wametoka kazini, usiwasajili asubuhi wakiwa wameoga. Kiolezo kitokane na kidole cha hali mbaya.

Kuna kiwango cha ukali wa kulinganisha vidole kutoka 1 hadi 5, kiwandani kiko 3. Utashawishika kukishusha. Kwenye mahudhurio tu naweza kukuelewa, ila mlango ukishaungwa usikiguse. Watakaobaki kukataliwa, wape kibodi ya namba, na ndiyo ile njia nyingine aliyoisema shangazi.

randa_na_msasa

Kivuli na kidole cha pete vimesaidia sana. Wamebaki wawili wa kibodi.

Sasa jambo la ajabu. Mlango tumeshaufunga, rilei iko ndani na ESP32 yake nyingine, inapokea amri kutoka Pi. Umeme ulikatika, uliporudi mlango ukafunguka wenyewe. Hakuna aliyegusa kihisi. Nimezima na kuwasha tena, umefunguka tena.

mkunazi_wa_chake

Angalia kama amri ya kufungua inatumwa ikiwa na alama ya `retain`. Kama ndiyo, Mosquitto inaitunza amri ya mwisho na kumpa kila anayeunganisha. ESP32 ya mlango inaamka, inakuta "fungua" inaisubiri. Ondoa hiyo alama kwenye mada (jina la njia ya ujumbe) ya mlango. Halafu ule uliotunzwa haufutiki wenyewe: tuma ujumbe mtupu kwenye mada ileile ukiwa na `retain`, utaondoka.

Na ukiwa hapo, amri ya mlango nayo ipigiwe muhuri kama ya kidole, kwa namba ya nasibu iliyotoka kwa ESP32 ya mlango safari hii. Kama unatumia QoS 1 (ujumbe ufike angalau mara moja), ujumbe mmoja unaweza kufika mara mbili. Namba ya nasibu iliyokwishatumika itaukataa wa pili, hutahangaika.

randa_na_msasa

Ilikuwa `retain` kweli. Nimeitoa, nimetuma ujumbe mtupu, nimezima swichi kubwa na kuwasha, mlango kimya. Ya muhuri nafanya Jumapili vijana wakiwa hawapo. Aliyeomba picha inboksi nitamtumia mchoro wa waya, maana boksi nimeshalifunga kwa silikoni.